Alama za Marehemu

Nyakabiga, 9 Novemba 2003

Kwa kaka yangu Népo,

Pokea salamu za mama na zangu mimi mdogo wako. Tu wazima, ikiwa uzima ni kuamka asubuhi na kukuta paa lingalipo. Mama miguu inamsumbua tangu mvua zianze, lakini ulimi haujapata ugonjwa wowote. Jana alimfukuza muuza makaa mpaka barabarani kwa sababu nusu ya gunia ilikuwa vumbi. Mwezi wa saba, mabomu yalipokuwa yanaanguka upande wa Kinanira, tulipata wageni waliokuja na magodoro kichwani. Familia moja bado tunayo sebuleni, na mama anawanung'unikia kila siku na kila siku anawapikia. Redio inasema wametia saini tena huko Pretoria. Huku kwetu milima bado inapiga.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Unajua nasimamia cyber hapa mjini. Umeme ukiwapo, wateja wakiondoka, nabaki na mashini na kusoma nitakacho. Kuna vyuo siku hizi vinafundisha sayansi ya kompyuta kwa njia ya intaneti, mpaka digrii kamili, na vinapenda watu wazima waliokatiza masomo. Nilipoona hivyo sikujifikiria mimi. Nilikufikiria wewe, ambaye ulikuwa mwaka wa tatu wa fani hiyohiyo chuo kilipokushinda kukaa.

Nimechuja nikabaki na viwili. Cha kwanza ni cha Wafaransa. Kinahesabu miaka uliyokwisha soma, kwa hiyo kwako ingebaki miaka miwili tu, na waliokatishwa na vita hawalipi ada. Ila wanataka hati ya alama zako kutoka chuo cha hapa. Cha pili kiko kusini, ni chuo huria, kinampokea mtu mzima yeyote hata asiye na cheti. Huko kila mtu anaanza mwanzo, na nguvu zote ulizotumia zinakuwa zimekwenda na maji. Mimi nakuona kwenye cha kwanza. Maombi yanafungwa mwisho wa Aprili. Niambie tu ndiyo, mengine niachie.

Barua hii anakuletea Mama Chance, yule Mkongomani anayeuza vitenge kwa boti mpaka huko Kigoma. Nilimwelekeza: fundi wa redio aliye nyuma ya soko, mrefu, haongei sana. E-mail najua hutaki, na kwa kweli hata mimi kwenye mashini zangu nawaona watu wakisomeana barua begani.

Mdogo wako,
Carmen


Kigoma, 14 Desemba 2003

Mdogo wangu Carmen,

Asante kwa salamu. Mimi ni mzima, mke wangu mzima, mtoto ameota meno mawili na anayajaribia kwenye vidole vyangu. Nakutumia dagaa kwa mkono huohuo wa Mama Chance. Mwambie mama asiwape wageni wote.

Umenichekesha na digrii yako. Mimi mwanafunzi? Nina miaka thelathini na minne, macho yameanza kuomba miwani, na mikono imejaa makovu ya moto wa kulehemu. Kazi yangu ni redio za wavuvi zilizoingia maji. Mtu akishazoea kufufua redio, ya nini tena kumsumbua na mambo ya shule? Jisomee wewe. Wewe ndiye uliyekaa na mashini mbele yako. Mimi mara ya mwisho kugusa kompyuta ilikuwa ni yale makabati yanayolia kama friji.

Chuo hicho cha Wafaransa ni kama mke unayetaka kunioza: ni mzuri mno kwangu, ataniuliza ukoo. Wale wa kusini angalau hawaulizi.

Mpe mama pole ya miguu. Bado anakwenda misa ya kwanza, au sasa anangoja ya pili? Familia ya sebuleni ni ya nani? Ni watu tunaowajua?

Naacha hapa, mafuta ya taa ni kidogo. Ila nikuulize, kwa kutaka kujua tu: mwaka wa tatu wanafundisha lugha gani ya kompyuta siku hizi? Na ule mtihani wa mitandao bado wanaufanya kwa karatasi? Kama una kurasa zozote za masomo yao, unaweza kumpa Mama Chance. Karatasi hazina uzito.

Kaka yako


Nyakabiga, 18 Januari 2004

Kaka Népo,

Heri ya mwaka mpya, japo mwaka wenyewe umeingia na sura ileile. Dagaa zilifika. Mama aligawa nusu kwa wageni, na nusu ya pili akaigawa kesho yake. Familia ile ni ya dereva mmoja, watu wa kanisani, usiwe na wasiwasi. Mama bado anakwenda misa ya kwanza, akitembea anashika kuta za watu.

Nakutumia kurasa za masomo, nimezichapa kwa siri kwa wino wa bosi. Usinidanganye tena kwamba hutaki. Mtu asiye na njaa haulizi jikoni kuna nini.

Sasa naomba unijibu kitu kimoja bila mizaha. Mama Chance aliporudi alikaa kwenye kiti cha wateja akaniuliza, "We Carmen, Népo ni nani? Mi barua yako napelekaka kwa fundi Aloys. Watu wote kule wanamuita Aloys, bibi yake pia. Nisije nikawa napeleka ku mutu mwingine." Nikamwambia ni jina la utani. Akachukua kitambaa chake akaondoka.

Kaka, Aloys ni nani?

Nauliza pia kwa sababu ya maombi. Fomu ya Wafaransa inataka jina kamili kama lilivyo kwenye hati za chuo, la Kirundi na la ubatizo. Niambie nikuandikishe, nami nitakwenda chuoni kuomba alama zako. Ningeweza kwenda bila kukuuliza, lakini wewe ni mkubwa wangu na jina ni lako. Mama sijamwambia. Kuna sababu ya kutomwambia, nitakueleza siku nyingine.

Carmen


Kigoma, 27 Februari 2004

Mdogo wangu Carmen,

Nisamehe kuchelewa. Boti zilizuiwa wiki kadhaa, halafu zilipoachiwa mimi mwenyewe sikuwa tayari. Mtoto alipata malaria, amepona. Mke wangu anakusalimu na kuuliza kama nawe utaolewa au umeolewa na mashini.

Kurasa zako nimezisoma mpaka zimechakaa. Nilifanya mazoezi yote ya sura ya kwanza na ya pili nyuma ya risiti za duka. La mwisho lilinishinda mara mbili, la tatu likatoka. Nilicheka peke yangu dukani, mteja akadhani namcheka.

Umeniuliza Aloys ni nani. Tulikuwa pamoja njiani mwaka ule. Alikuwa fundi seremala wa Ngagara, mtu wa hadithi nyingi. Hakufika. Karatasi zake nilibaki nazo mimi, na mpakani nilipoulizwa jina mdomo wangu ulisema la kwake. Sikupanga. Tangu hapo mke wangu aliolewa na Aloys, na mtoto wangu ni mtoto wa Aloys.

Utasema vita vinakwisha, rudi kwenye jina lako. Carmen, sikiliza. Siku ile chuoni tulikuwa tumekaa kwenye bwalo, saa ya chakula, mchana kweupe. Waliingia wakaanza kuita. Hawakuita kwa kelele. Waliita majina kamili, la Kirundi kwanza kisha la ubatizo, kwa utaratibu, kama wanavyoita siku ya kutoa diploma. Mtu akiitwa, anasimama. Tulikuwa tumefundishwa hivyo tangu shule ya msingi, ukiitwa unasimama. Langu lilipoitwa nilikuwa jikoni naomba chumvi, nikalisikia kupitia dirisha la kupokelea sahani. Nikatokea mlango wa nyuma. Basi. Walioita bado wako mjini, wewe mwenyewe huenda unawauzia dakika za intaneti.

Sitaki kuitwa tena. Hata kwa diploma. Mke wangu akiniita Aloys nalala vizuri.

Nilikuwa nimemaliza hapa, bahasha nikaifunga, nikaifungua. Alama zangu za miaka miwili, bado zipo pale? Nilipata ya kwanza katika hesabu, nadhani unakumbuka, mama alipika kuku. Usiandikishe kitu. Ila nenda uulize kama zipo. Nataka tu kujua kama zipo. Ukiziona, labda nitasema ndiyo.

Kaka yako


Nyakabiga, 21 Machi 2004

Kaka Népo,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimefunga mlango wa cyber. Nimelia, na sioni sababu ya kukuficha hilo. Mtoto apewe pole, na mke wako mwambie mashini haipigi wala hailewi, kwa hiyo siachi ndoa yangu.

Nilikwenda chuoni. Ofisi ya alama iko palepale, karani ni mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba. Nilimpa jina lako. Alitafuta, akatoa faili lako, kaka. Lipo. Alama zipo zote. Ile ya kwanza ya hesabu ipo, nimeiona kwa macho yangu. Nikasema naomba nakala kwa ajili ya chuo cha nje. Akafungua ukurasa wa mwisho, akanitazama kwa huruma, akasema, "Pole sana, mwanangu. Marehemu hatutoi alama zake kwa ajili ya kuendelea na masomo. Kwa ukumbusho wa familia naweza." Akanigeuzia nione. Imeandikwa kwamba umefariki, na aliyethibitisha ni familia.

Sasa nikueleze lile nililokuwa nakwepa. Mwaka uliofuata baada ya wewe kuondoka, kabla hatujapata habari yako yoyote, watu walikuwa wanakuja nyumbani kukuuliza. Wanakuja kwa adabu, wanaketi, wanasema wao ni marafiki zako. Kisha tukapata neno kwamba uko hai ng'ambo. Mama hakumwambia hata jirani. Wiki ileile aliita ukoo akatangaza kuganduka. Ndiyo, kaka, tulikuondolea matanga, kama vile umekufa. Pombe ilipikwa, shangazi walikuja, wazee walisema maneno ya kufunga, nguo zako zikagawanywa. Mama alisimama mbele ya watu wote akakuaga. Baada ya siku ile wale marafiki zako hawakuja tena. Kumbe kifo chako alikipeleka na chuoni, akakiandikisha, ndipo jina lako likaingia kwenye misa ya wanafunzi waliouawa siku ile, inayosomwa kila mwezi wa sita. Kila mwaka anakwenda, linasomwa, anaitikia na wengine.

Nilirudi nikamwambia nimetoka chuoni. Alikuwa anachambua maharage. Nikamwambia mama, njoo tukaseme tulikosea, aweze kusoma. Alisema, "Apana. Uyo nilisha kumuzika vizuri. Usimufukue." Hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza, kana kwamba anauliza bei ya nyanya, "Iyo masomo, akiimaliza atakuwa nani?" Nikamwambia, atakuwa injinia.

Karani anasema kuna njia mbili tu. Uje wewe mwenyewe usimame mbele yake, au aliyethibitisha kifo aje akanushe. Mwisho wa Aprili uko karibu. Niambie nifanye nini. Nikimshika mama kwa nguvu atakwenda, lakini sijui nini kitakuja nyuma yake.

Carmen


Kigoma, 2 Mei 2004

Mdogo wangu Carmen,

Salamu kwenu. Huku tu wazima.

Niliposoma barua yako nilifunga duka nikakaa ndani. Nilikuwa na hasira, sikufichi. Miaka yote hii, siku mbaya nilikuwa najiambia, nyumbani kuna sahani yangu. Kumbe nguo zangu zina watu. Nilitaka kukuuliza nani alipewa lile koti la kijani, nikaona ni swali la kijinga kwa mtu wa umri wangu. Mke wangu ndiye aliyenisemesha. Sikumweleza yote, nilimwambia tu kwamba nyumbani walinifanyia msiba ili nisitafutwe. Akasema, "Basi huyo mama yako ana akili kuliko jeshi." Nikaanza kutulia.

Sasa sikia nilichofanya. Aprili nilikwenda cyber ya huku, nikalipia saa mbili, nikajiandikisha kwenye kile chuo cha pili, cha kusini, kisichouliza ukoo. Mwanafunzi anaitwa Aloys. Hana cheti, hana alama, hajawahi kuona chuo. Anaanza mwanzo kabisa. Somo la kwanza ni kuhesabu kwa sifuri na moja, jambo nililokuwa nawafundisha wenzangu bwenini. Nilijibu polepole, nikakosea mawili makusudi nisije nikatiliwa shaka. Mwalimu, ambaye sijui hata ni mwanaume au mwanamke, ameniandikia: vizuri sana, Aloys, una kipaji. Nilifurahi siku nzima, jioni nikaona aibu.

Kwa kusoma kidogo kidogo itanichukua miaka sita kufika pale nilipokuwa na miaka ishirini na tano. Wewe ulisema nguvu zitakuwa zimekwenda na maji, na umesema kweli. Lakini ni njia ambayo hakuna mtu ataita jina langu, na naiweza.

Kwa hiyo, na hili ndilo kubwa katika barua hii: mwambie mama asiende popote. Asikanushe kitu. Mwezi wa sita unakuja, misa ile isomwe kama kawaida, aitikie kama kawaida. Huyo Népo amelala vizuri, alimlaza mwenyewe. Mwambie kwamba sina kinyongo. Hilo mwambie kwanza, kabla ya mengine yote.

Kaka yako


Nyakabiga, 27 Juni 2004

Kwa Aloys, Kigoma,

Salamu zangu na za mama. Mtoto hajambo? Mke wako hajambo? Hapa dereva na familia yake wamehama juzi. Sababu utaiona mbele.

Barua yako ya mwezi wa tano imenifikia tarehe kumi na tisa mwezi huu. Mama Chance aliugua akiwa Uvira, ikabaki ndani ya mzigo wake wa vitenge. Hana kosa, aliniomba radhi mpaka mimi ndiye nikaona haya.

Misa ilikuwa tarehe kumi na tatu.

Mimi sikumshika mama kwa nguvu, nataka ulijue hilo. Aprili ilipopita bila jibu lako nilinyamaza, nikadhani nawe umekata tamaa. Kumbe yeye hakunyamaza moyoni. Alikuwa anawaza ile injinia. Siku ya misa alivaa kitenge cha sikukuu, akakaa mbele. Padri akaanza kusoma majina, la Kirundi kisha la ubatizo, na watu wanaitikia. Alipofika kwako, mama alisimama. Na ile miguu yake alisimama bila kushika benchi. Akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anamsahihisha mtoto, "Uyu atoke mu iyo majina. Mutoto wangu ni muzima. Anasoma."

Kanisa zima liligeuka. Padri akasoma jina linalofuata.

Tulirudi nyumbani mama anatabasamu. Alisema kesho atakwenda kwa yule karani. Sikuwa na moyo wa kumwambia lolote, kaka, nilikuwa nafurahi naye.

Jumanne jioni walikuja wanaume wawili. Mmoja alikuwa na tai. Walivua kofia, wakaketi, wakakubali chai. Yule wa tai akasema, "Mama, tumesikia habari njema. Sisi tulisoma naye. Yuko wapi, tukamusalimie?" Niliona mkono wa mama ukisimama juu ya birika. Mama akamimina chai taratibu, akageuka, akamwambia yule wa tai atoe mguu, anamkanyaga Népo. Wakatazamana. Akawaambia Népo amelala hapo chini ya kiti tangu asubuhi, amesoma sana, amechoka, waongee polepole. Akachukua sahani, akapakua wali, akauweka chini, akaanza kuunyunyizia maji ili mtoto asipaliwe. Akamkemea kwa kula haraka. Aliendelea mpaka wakasimama. Mlangoni yule wa tai aliniambia, "Pole sana, dada. Vita vimeharibu wengi." Walikwenda wakicheka chini chini.

Nilifunga mlango nikamshika. Akaniambia, "Mi si mwendawazimu, Carmen. We unajua?" Nikamwambia najua, mama.

Lakini mtu hawezi kuwa kichaa Jumanne peke yake. Wale wana masikio mtaani, na mama analijua hilo kuliko mimi. Kwa hiyo kila siku anatoka. Anabeba sahani ya wali mpaka bombani, anaongea nawe njia nzima, anakugombeza mbele ya watu kwa kuchelewa shule. Watoto wanamfuata. Wamama wa chama cha kanisani wamemwomba apumzike nyumbani, wale aliopika nao kwenye misiba yote ya mtaa huu. Dereva alisema anaogopa kwa ajili ya watoto wake. Muuza makaa sasa anampimia vumbi tupu na mama anamshukuru, kisha anarudi ndani anasaga meno.

Usiku nikishafunga dirisha anakuwa mama yule yule. Barua yako nimemsomea mara tatu. Ule mstari wa kinyongo ameniomba niurudie, akausikiliza amefumba macho. Ameuliza sifuri na moja ni kitu gani, nikamweleza nijuavyo. Alicheka aliposikia unakosea makusudi. Kisha akasema nikuandikie usije, hata wakitia saini mara mia, wala usimtumie kitu chenye jina lako. Kuhusu chuo amesema, "Aanze tu ku mwanzo. Mi pia nimeanza ku mwanzo."

Mimi nilikuchagulia chuo nikidhani nachagua masomo. Sikujua bei yake, na anayeilipa siye niliyemdhania. Siku ukichoka, siku somo likikushinda na mtoto analia na mafuta ya taa yanakwisha, usiniandikie kwamba unaacha. Kesho ni Jumatatu, na asubuhi mwanamke mzee mwenye akili zake zote atatoka na sahani kupita mbele ya majirani. Soma, Aloys.

Ni mimi nisiyekujua,
Carmen